UZI: Stretch na Bobbito wa WKCR 89.9 (1990–1998): kipindi kilivyoendeshwa, na kanda zake

Mpiga_Sahani

Assalaam aleikum wana jukwaa.

Kila yakizuka maneno ya redio za vyuo hapa Unguja, mtu atawataja Stretch na Bobbito kwa sentensi mbili, kisha uzi mzima unageuka orodha ya mastaa. Mastaa tutawataja, ila huu uwe uzi wa kueleza kipindi kilivyokuwa kikifanya kazi. Fundi_Mawimbi na Kanda_C90, nyinyi msijifiche.

Kituo ni WKCR, 89.9 FM, redio ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kipo tangu 1941, na wapenzi wa muziki wanakijua zaidi kwa jazi. Columbia ndiko alikofundisha Edwin Armstrong, mvumbuzi wa FM yenyewe. Wale wenye kupenda kuunganisha mambo, tulieni: Stretch Armstrong wa hip-hop si jamaa yake. Jina lake ni Adrian Bartos, na hilo la Armstrong ni la usanii. Yeye alikuwa mwanafunzi pale. Mwenziwe, Bobbito García, alisoma Wesleyan, na kipindi kinaanza Oktoba 1990 alikuwa akifanya kazi Def Jam, lebo ya kina Public Enemy na LL Cool J. Kwa hiyo tangu siku ya mwanzo mmoja ana ufunguo wa studio, mwengine ana njia ya kufika kwa wasanii.

Kilikuwa hewani usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa 7 usiku mpaka saa 11 alfajiri. Kwa saa za huku ni Ijumaa saa 3 asubuhi mpaka saa 7 mchana, na wakishasogeza saa zao za kiangazi inakuwa saa 2 mpaka saa 6. Kibiashara hiyo ni saa ya takataka. Lakini redio ya chuo haiuzi matangazo, kwa hiyo hakuna bosi wa mauzo wa kuuliza nani anasikiliza. Saa nne nzima bila ya kukatwa na tangazo la sabuni. Emsii, yaani mchanaji wa rap, anaingia, anasalimia, anataniwa, anachana robo saa, na hakuna anayemwonesha saa ya ukutani.

Kazi waligawana. Stretch yuko kwenye sahani, anachagua na kuunganisha. Bobbito yuko kwenye maiki, anahoji na kufanya mzaha. Baadaye akaongezeka Lord Sear, sauti ya tatu. Waliopita pale kabla majina yao hayajawa makubwa ni Nas (albamu yake ya kwanza Aprili 1994), Notorious B.I.G. (Septemba 1994), Wu-Tang Clan (Novemba 1993), Jay-Z (Juni 1996), Big Pun (Aprili 1998), na Big L, Mobb Deep, Fugees. Mwaka 1998 jarida la The Source likakitaja kuwa kipindi bora cha redio cha hip-hop cha wakati wote, na mwaka huohuo kikakoma WKCR.

Msimamo wangu, mje mnipinge: wengi wa hawa wangetoka hata bila ya kipindi hiki. Ambacho kisingekuwepo ni ile hali yao ya ubichi iliyonaswa. Leo tunamsikia Big L na Jay-Z wa 1995 kwa sababu kulikuwa na studio iliyowaachia maiki, na kulikuwa na msikilizaji nyumbani aliyebonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.

Kanda_C90

Wa aleikum salaam. Huyo msikilizaji wa kitufe chekundu ndiye mimi nataka kumzungumza, maana watu wanamsahau.

Saa nne ni dakika 240. Kanda ya C-90 ina dakika 45 kila upande, kwa hiyo unahitaji pande sita, kanda tatu, na ugeuze kila baada ya dakika 45. Mwenye kulala kanda ikimalizika saa 7 na dakika 45, amekwisha. Ndiyo maana rekodi nyingi zinazozunguka ni za saa ya kwanza, au zimekatika katikati ya mstari. Wenye deki za kugeuza upande zenyewe walipata dakika 90 bila ya kuamka, lakini wakati wa kugeuka hupotea sekunde kadhaa.

C-120 ilionekana ndiyo jibu, na ndiyo iliyoharibu rekodi nyingi. Utepe wa C-60 una unene wa takriban maikroni 16 hadi 18, C-90 takriban 12, na C-120 umeshuka mpaka kama 9. Utepe mwembamba hivyo unavutika, unajikunja kwenye roli ya mpira, na sauti ya mzunguko mmoja inahamia mzunguko wa jirani, ukasikia mwangwi mdogo kabla ya neno lenyewe. Ukikuta kanda ya redio ya zamani yenye mwangwi wa kutangulia, angalia namba kwenye ganda.

Na jambo jengine ambalo wanaorekodi FM walilikosea sana ni Dolby, ule mfumo wa deki wa kupunguza kelele za utepe. Steriyo ya FM hubeba mlio wa siri wa 19 kHz. Sikio halishughuliki nao, lakini Dolby ya deki inauona kama sauti ya juu na inafanya hesabu ovyo. Deki nzuri zilikuwa na swichi iliyoandikwa MPX, ya kuuchuja mlio huo kabla haujafika kwenye Dolby. Aliyeacha swichi imezimwa kapata rekodi yenye sauti ya juu inayopanda na kushuka kama inapumua, na hilo halirekebishiki baadaye.

mgeni_wa_darajani

Swali langu fupi. Jamaa wanatukana mule mpaka masikio yanawaka. Ilikuwaje serikali yao ikanyamaza?

BintiVuga

Haikunyamaza, mgeni. Ilikuwa na saa zake.

Kesi ya msingi imetoka mjini humohumo New York. Mwaka 1973 redio ya WBAI ilirusha, saa 8 mchana, maongezi ya mchekeshaji George Carlin yaliyojaa matusi. Mzazi mmoja akashitaki kwa FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani. Shauri likapanda mpaka Mahakama ya juu kabisa, na mwaka 1978 ikaamuliwa kwamba tume ina haki ya kuadhibu lugha chafu hewani wakati watoto wako macho. Baada ya hapo wakavutana miaka mingi juu ya saa gani watoto wamelala. Mwaka 1995 ndipo ilipotulia: kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi lugha chafu haiadhibiwi. Ule uchafu uliokithiri, ambao sheria yao inauweka fungu lake mbali, haukuruhusiwa saa yoyote.

Saa 7 mpaka saa 11 alfajiri imekaa katikati ya dirisha hilo. Kwa hiyo saa mbovu ya Mpiga_Sahani ina faida mbili, hakuna wa kuitaka na hakuna wa kuiadhibu.

Kitu cha pili ni masafa. Marekani sehemu ya FM kati ya 88 na 92 imetengwa kwa vituo vya elimu visivyo vya biashara, na 89.9 imo humo. Kituo cha namna hiyo kinaweza kumtaja mfadhili kwa jina, lakini hakiruhusiwi kuwaambia watu "nendeni mkanunue". Kwa maana hiyo hata ukitaka kuuza nafasi, leseni inakukataza. Uhuru wa Stretch na Bobbito umeandikwa kwenye leseni kabla ya kuwa moyoni mwao.

Kwa wanaotaka kuiga huku: someni masharti ya leseni ya Tume ya Utangazaji Zanzibar, msitegemee saa 7 usiku ya New York iwakinge Tunguu.

Fundi_Mawimbi

Niingie studioni sasa, maana mitindo huru (freestyle) ya redio hufa kwa sababu moja ambayo msikilizaji hawezi kuiona.

Studio ya redio imefungwa hivi: maiki ikifunguliwa, spika za mle ndani zinanyamaza zenyewe. Bila ya hivyo sauti ya spika inarudi kwenye maiki na studio nzima inapiga mluzi. Mtangazaji mmoja na mgeni mmoja hawapati shida, kila mtu ana hedifoni yake. Sasa walete kundi la watu wanane, na studio ina hedifoni mbili au tatu. Mwenye hedifoni anasikia biti, yaani ngoma ya wimbo. Waliobaki wanasikia mwenzao anachana bila ya ngoma. Zamu ikifika anapokonya hedifoni, biti imeshampita mapigo mawili, anaingia nje ya mstari. Ukisikiliza rekodi yoyote ya redio ya zama zile na mtu akaingia kwa kusuasua kisha akashika baada ya mistari miwili, mara nyingi si woga, ni hedifoni.

Watu hutatua kwa kuchomeka vigawio, hedifoni nne kwenye tundu moja. Hedifoni nne za om 32 zikiunganishwa sambamba, mashine inaona om 8. Sauti inapungua na inapasuka ukiiongeza. Dawa ni kikuza sauti kidogo cha hedifoni chenye matundu manne au sita, kila tundu na kitasa chake.

Njia ya pili, kama pesa hamna: spika moja ndogo, sauti ndogo, iwekwe nyuma ya maiki. Maiki ya mfumo wa moyo, ile ya kawaida ya kushika mkononi, ni kiziwi upande wa nyuma moja kwa moja. Spika ikikaa hapo, emsii anaisikia na maiki haiisikii. Lakini angalieni maandishi ya kiwandani: zile za mfumo uliobanwa zaidi hazina uziwi nyuma kabisa, uziwi wake uko pembeni, kama nyuzi 126 kutoka mbele. Ukiweka spika nyuma kabisa ya maiki hiyo, utapata mluzi na hutajua umetoka wapi.

Na emsii asifumbate kichwa cha maiki. Najua ndiyo pozi la hip-hop. Zile tundu za pembeni ndizo zinazoifanya iwe kiziwi kwa nyuma. Ukizifunika kwa kiganja, maiki inasikia pande zote, sauti inakuwa ya ndani ya pipa, na mluzi unaanza.

Kiwango: biti ikae chini ya sauti ya mtu kwa desibeli 6 hivi. Studioni itaonekana biti imepungua mno. Mwacheni anayelalamika alalamike, maana kwenye redio ndogo ya jikoni besi haipo, na biti ikiwa juu ndiyo inayomeza maneno. Kompresa, kifaa cha kubana sauti zinazozidi, iwe uwiano wa 4 kwa 1, ishike haraka, milisekunde 5 hivi, kwa sababu watu wanane wana vifua vinane na hakuna muda wa kumpimia kila mmoja.

Mpiga_Sahani

Allah akuzidishie, Fundi. Hilo la hedifoni linaeleza mambo mengi.

Niongeze upande wa sahani. Santuri ya inchi 12 ya wakati ule ilikuwa na wimbo uliosafishwa kwa redio, wimbo wenye maneno yake kamili, biti tupu, na mara nyengine sauti tupu bila ya biti. Ile biti tupu ndiyo jukwaa la mitindo huru. Mfano unaojulikana na wengi ni Big L na Jay-Z mwaka 1995. Biti waliyochania ni ya Miilkbone, mzungu wa New Jersey. Wimbo wenyewe wangapi wanaukumbuka leo? Lakini biti yake inatambulika dunia nzima kwa sababu ya usiku ule.

Tatizo la hesabu: biti tupu ina dakika nne hivi, na kile kipande ni kama dakika saba. Santuri ikimalizika, emsii anabaki uchi. Kazi ya DJ ni kuwa na nakala mbili za santuri hiyohiyo, moja inacheza, nyengine imeshaandaliwa pigo la kwanza chini ya sindano, na unavuka kabla ya kipande cha mwisho hakijafika. Mashine ya kawaida ya ma-DJ wa wakati ule ni Technics SL-1200MK2 ya 1979, yenye kasi ya kupandisha au kushusha asilimia 8. Nakala zote mbili zikiwa sifuri kwenye kasi, hakuna haja ya kuhangaika, mapigo yanalingana yenyewe. Anayekosea ni yule aliyesahau kitasa cha kasi kwenye namba ya wimbo uliopita.

Na santuri zenyewe nyingi hazikuwa dukani. Zilikuwa nakala za majaribio zenye lebo nyeupe, hazina hata jina, au demo ya kanda. Bobbito mwaka 1995 akaanzisha lebo yake, Fondle 'Em, ya kuchapa mambo ambayo lebo kubwa hazikuyataka. Ya kwanza ilikuwa ya Cenubites, yaani Kool Keith na Godfather Don. Mwaka 1999 ikatoa albamu ya kwanza ya MF DOOM. Redio ya chuo ikazaa lebo, na lebo ikadumu hata baada ya kipindi, mpaka 2001.

Wete_Stereo

Wazee, mwasema vizuri lakini mwafanya kana kwamba hip-hop ya redio za vyuo imezaliwa 1990. Hapana.

Nyuma ya hapo iko WBAU 90.3, redio ya Chuo cha Adelphi, Long Island, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bill Stephney ndiye aliyekuwa akisimamia vipindi, na Chuck D na Hank Shocklee wa Spectrum City, kundi la ma-DJ, wakaja na kipindi chao. Chuck D alikuwa akisomea usanifu wa michoro palepale chuoni. Demo waliyoitengeneza kwa ajili ya kipindi ndiyo iliyomfikia Rick Rubin wa Def Jam, na 1987 ikatoka albamu ya kwanza ya Public Enemy. Hapo redio ya chuo haikumtambulisha msanii, ilimtengeneza, kwa sababu mtangazaji na msanii ni mtu mmoja.

Boston kulikuwa na Lecco's Lemma ya Magnus Johnstone, 1985 hadi 1988, kwanza WMBR 88.1 ya MIT kisha WZBC ya Chuo cha Boston. Huyu mtu hakuwa rapa wala hakuwa na DJ mkali. Alichofanya ni kuwaambia vijana leteni demo zenu, nitazipiga. Wakaleta kanda za nyumbani kwa mafungu, Gang Starr ya mwanzo ikiwemo. Kanda hizo leo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Boston, na zimeingizwa kwenye kompyuta. Chicago nako WHPK 88.5, redio ya Chuo Kikuu cha Chicago, JP Chill alianza kupiga rap 1986.

Kwangu mimi Lecco's Lemma ndiyo ya kuigwa huku visiwani, si Stretch na Bobbito. Wale wa New York walizungukwa na Def Jam, mabarabara ya Harlem, na kila rapa wa dunia kwa nauli ya treni. Johnstone alikuwa na mji usio na tasnia. Nani ana Def Jam Chake Chake?

Mpiga_Sahani

Wete_Stereo, hilo la mwisho sina jibu lake. Nakubali.

BintiVuga

Mimi nalikubali nusu. Johnstone alikuwa na mlango wazi na akahifadhi kanda, sawa. Lakini kupiga kila kinacholetwa kuna bei yake, kipindi kinajaa demo dhaifu na msikilizaji anakimbia. Stretch alikuwa anachuja. Kule New York emsii mbovu alijua atachekwa hewani, na hofu hiyo ilipandisha kiwango. Kwa visiwani nadhani saa ya kwanza iwe ya demo zote, na saa zilizobaki ziwe za waliopita mchujo.

mgeni_wa_darajani

Sasa kanda zetu sisi? Rap ya Unguja ya miaka ya 1990, kina Struggling Islanders, Cool Para aliyeichanganya rap na taarab, ziko nyumba kwa nyumba ndani ya maboksi. Wakati ule redio ni Sauti ya Tanzania Zanzibar. Bara hata Radio One imekuja 1994. Mwenye kanda aanzie wapi kuziokoa?

Kanda_C90

Aanzie kwa kutozicheza. Hewa yetu ina unyevu mkubwa mwaka mzima, na boksi la kanda lililopita masika kumi chini ya kitanda lina ukungu hata kama harufu haipo. Fungua kisanduku, washa tochi, angalia pembeni mwa mzunguko wa utepe kupitia kidirisha. Utepe usio na ugonjwa unang'aa sawasawa. Ukiona vumbi jeupe au nyuzinyuzi, hiyo ni ukungu, na ukiiweka kwenye deki nzuri utaambukiza kichwa na roli, kisha kila kanda inayofuata. Kanda za ukungu ziwekwe kando, ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na maboksi ya viatu. Ziache wiki kadhaa zikauke, kisha utumie deki ya kutupwa na uvae barakoa.

Zilizo safi: kwanza zungusha mbele mpaka mwisho na kurudi, mara moja. Utepe uliokaa miaka umejibana, na ukiucheza moja kwa moja unakwamakwama na sauti inayumba. Kisha tazama kile kipande kidogo cha sponji nyuma ya utepe, katikati ya ukingo wa kanda. Gundi yake hukauka na kikaanguka. Bila yake utepe haugusi kichwa vizuri, sauti inakuja ya mbali kama mtu yuko chooni na mlango umefungwa. Usibandike kipya kwa gundi ya maji. Nunua kanda mpya ya bei ndogo yenye skrubu tano, ifungue, toa utepe wake, hamishia wa zamani. Kama ganda la zamani halina skrubu, limeunganishwa kwa moto: pitisha kisu chembamba kwenye mshono, taratibu, kuanzia upande usio na utepe.

Kichwa cha deki na mhimili wa chuma usafishe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi, kwa pamba za masikio. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi. Roli ya mpira ipanguse haraka tu, spiriti ikikaa inakausha mpira. Rudia baada ya kila kanda tatu au nne, na pamba ikitoka ya kahawia endelea mpaka itoke nyeupe.

Halafu kuna skrubu ambayo wengi hawaijui. Kushoto au kulia kwa kichwa cha kusoma kuna skrubu ndogo yenye springi. Hiyo inakiinamisha kichwa. Deki iliyorekodi na deki inayosoma zikiwa na mwinamo tofauti, sauti zote za juu zinapotea, na watu husema "kanda imechakaa" nayo haijachakaa. Weka sauti kwenye mono, sikiliza matoazi au herufi s, zungusha skrubu robo ya robo ya mzunguko kwa bisibisi ndogo mpaka s ziwe kali kabisa. Kila kanda ina mwinamo wake, hata kila upande. Weka alama ya rangi pale ilipokuwa kabla hujaigusa.

Fundi_Mawimbi

Nitaongeza la kuingiza kompyutani. Chukua sauti kwenye tundu la kutokea nyuma ya deki, si tundu la hedifoni. Usiingize kwenye tundu la maiki la laptopu: nyingi ni mono na zinapasua. Kadi ndogo ya sauti ya nje ya USB yenye matundu mawili ya laini inatosha.

Rekodi kwa biti 24 (hizi ni biti za kompyuta, si za ngoma), na 48 kHz kwa uchache, 96 kwa ajili ya hifadhi. Vilele visipite desibeli 6 chini ya sifuri. Kwa 24/96 steriyo saa moja inachukua GB 2.07, kwa hiyo kipindi cha saa nne ni GB 8.3. Faili la WAV la kawaida halivuki GB 4, na programu nyengine hazikwambii, zinaendelea kurekodi na mwishoni faili halifunguki. Rekodi upande mmoja faili moja. Dakika 45 ni kama GB 1.6, uko salama.

Swichi ya Dolby: kanda iliyorekodiwa na Dolby B ikisomwa bila ya Dolby inakuwa kali na yenye kelele za hewa. Isiyo na Dolby ikisomwa na Dolby inakuwa butu. Kama jalada halisemi, jaribu zote mbili baada ya kurekebisha skrubu ya Kanda_C90, usijaribu kabla. Ukiwa na shaka rekodi bila ya Dolby, maana kuna programu za kuifungua baadaye. Kusafisha kelele usifanye kwenye nakala ya asili kabisa.

Wete_Stereo

Na mvumo? Kuna kanda zina mvumo chini yake mwanzo mpaka mwisho.

Fundi_Mawimbi

Kwanza jua umezaliwa wapi. Kanda iliyonakiliwa kutoka Marekani mvumo wake ni hertz 60, umeme wao ndio huo. Wetu ni 50. Angalia kwenye picha ya masafa ya programu. Ukikuta 60 na 120, umo kwenye kanda, hutauondoa kwa waya, tumia kichujio chembamba. Ukikuta 50 na 100 kwenye kanda ya New York, huo ni wa nyumbani kwako: deki na kompyuta zimepata ardhi mbili. Chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri. Mara nyingi unanyamaza hapohapo.

Kwa wenye mashine za santuri ni ule waya mwembamba wa ardhi uliosahauliwa kufungwa kwenye skrubu ya miksa. Na anayechomeka mashine ya santuri kwenye tundu la laini badala ya tundu lake atapata sauti nyembamba isiyo na besi, atailaumu sindano bure.

mgeni_wa_darajani

Ahsanteni. Na akitokea mwanafunzi anataka kurusha kwa intaneti tu, bila ya mnara?

BintiVuga

Aangalie kifurushi cha msikilizaji kabla ya yote. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja inakula MB 58, saa nne MB 230. Mwanafunzi wa dahalia hamalizi. Kwa AAC, aina ya kufinya faili la sauti, ya kilobiti 64 ni MB 29 kwa saa, na kwa rap inasikika vizuri kabisa, kwa sababu maneno hayahitaji kile ambacho matoazi yanahitaji. Pia aiulize Tume kabla, kurusha kwa intaneti kusimfanye adhani yuko nje ya sheria, na biti za watu azungumze na COSOZA, wale wa hakimiliki Zanzibar. Wanaopiga biti zao wenyewe wana wepesi hapo, hilo ndilo eneo moja tunalowashinda wale wa 1990: biti mpya siku hizi inapikwa kwenye simu.

Mitindo huru ya moja kwa moja iwe na kichelewesho cha sekunde 7 na kitufe cha kufuta. Ikishawashwa, mtangazaji asijisikilize kutoka hewani, atasikia maneno yake ya sekunde saba nyuma na ulimi utamfunga. Asikilize kutoka kwenye miksa. Ramadhani muziki usimame, saa hizo ziwe za kuhoji wasanii na kusikiliza vina bila ya ngoma. Usiku wenyewe watu wako macho mpaka daku, hadhira ya saa 7 usiku ambayo New York hawakuipata.

Kanda_C90

La mwisho kutoka kwangu, kwa wanaoanza kuingiza kanda. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha kituo, kisha namba ya kanda na upande: 1995-02-00_WKCR_K2_A. Usichokijua andika sifuri, usikisie, kwa sababu tarehe ya kukisia ikishanakiliwa mara tatu inakuwa historia. Rekodi za Stretch na Bobbito zimejaa mtandaoni zenye tarehe za Jumanne na Jumapili, na kipindi cha WKCR hakikuwa siku hizo. Na piga picha jalada pande zote mbili, pamoja na mwandiko.

Wete_Stereo

Tarehe ya kipindi iwe ya Alhamisi au ya Ijumaa? Saa 7 usiku ni Ijumaa tayari.

Kanda_C90

Kalenda inasema Ijumaa, wenyewe waliita Alhamisi. Andika ya Ijumaa kwenye jina la faili, na kwenye maelezo weka "usiku wa Alhamisi". Ukichanganya mbili hizo ndani ya mkusanyiko mmoja utapata kanda moja mara mbili na utadhani ni vipindi viwili.